Kubuni na kupiga picha lugha ya alama kwenye tamthilia ya anga za juu

Mshirikishe kiziwi mapema, mswada ukiwa bado unaandikwa. Ukimwita siku ya kupiga picha atarekebisha vidole tu, na hadithi yenyewe itabaki ilivyo. Katika kipindi cha tamthilia ya Star Trek: The Next Generation kilichorushwa mwaka 1989, mwigizaji kiziwi Howie Seago alikataa mpango wa mhusika wake Riva kuishia kuongea kwa sauti. Mwisho ukabadilishwa.

Kisha amua: lugha iliyopo au ya kubuni? Kama mhusika ametokea Kenya, tumia Lugha ya Alama ya Kenya, usichukue ya Kimarekani kwa sababu video zake ni nyingi. Ukibuni, anza na mazingira ya wanaoitumia. Ndivyo Troy Kotsur, naye kiziwi, alivyowabunia alama watu wa jangwani kwenye tamthilia ya The Mandalorian mwaka 2019, akijitenga kwa makusudi na lugha ya alama ya Kimarekani.

Kila alama ina mambo matano: umbo la mkono, mahali inapofanyikia, mwendo, kiganja kinaelekea wapi, na uso. Ukibadilisha moja, huenda umesema neno jingine. Rekodi kila alama kwa mbele na kwa ubavu, waigizaji wote wajifunze kutoka hapo. La sivyo kila mmoja atakuja na lafudhi yake.

Vazi la anga ndilo linaloharibu kazi zaidi. Ndani ya glovu nene, kidole cha shahada na cha kati huonekana kama kimoja, na kidole cha mwisho hakijikunji vizuri. Chagua maumbo makubwa: kiganja wazi, ngumi, dole gumba lililosimama. Alama ya kidevuni itagonga kioo cha helmeti, kwa hiyo ihamishie kifuani. Uso ukifunikwa, sarufi nayo inafunikwa: lugha nyingi za alama huuliza swali la ndiyo au hapana kwa kuinua nyusi. Mpe mwigizaji kazi ya kuegemeza mwili mbele na kuinamisha kichwa badala yake. Mazoezi yafanyike na glovu tangu siku ya kwanza (mavazi hucheleweshwa, tunajua, tafuta hata glovu za bustani).

Kwenye kamera, fremu ianzie chini kidogo ya kiuno hadi juu ya kichwa, na nafasi ya viwiko kila upande. Maandishi ya tafsiri hukaa chini, mikono isishuke huko. Glovu nyeusi juu ya vazi jeusi hazisomeki, hata taa iwe nzuri vipi. Ukipiga picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, vidole vya haraka vinatoka na ukungu. Panda hadi 1/100. Kwa umeme wetu wa 50Hz, kasi hiyo haileti kupepesa kwa taa.

Mhariri asikate katikati ya alama. Kuruka kwenda kwa msikilizaji ili kuona anavyopokea, kama ilivyozoeleka kwa wanaoongea kwa sauti, hapa ni kumkata mtu kauli. Weka kamera nyuma ya bega la msikilizaji, mzungumzaji aonekane mzima.

Kabla ya kufunga, mwonyeshe kiziwi ambaye hakusoma mswada. Lugha ikiwa halisi, akueleze kilichosemwa bila maandishi. Ikiwa ya kubuni, mwombe ahesabu alama. Asipojua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, rudia kupiga hiyo picha.