Mwajiri wa zamani anapodai umelipwa zaidi ulipopunguzwa kazini

Barua ya madai ikikufikia Nakuru miezi kadhaa baada ya kupunguzwa kazini, usikimbilie kulipa wala kutia sahihi makubaliano yoyote. Jibu kwa maandishi kwamba umeipokea, kisha uombe hesabu kamili: miaka ya kazi iliyohesabiwa, mshahara uliotumika na mahali kosa lilipotokea.

Hesabu hiyo ipige upya mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inampa aliyepunguzwa kazini malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka alioukamilisha, kwa hiyo mtu aliyekuwa akipata shilingi 1,000 kwa siku na kufanya kazi miaka 8 anastahili angalau shilingi 120,000, mbali na fedha za likizo ambazo hakuchukua na mshahara wa notisi iwapo hakupewa. Kumbuka kwamba hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yakiahidi zaidi, huenda hiyo inayoitwa ziada ni haki yako. Uliza pia kama wanadai kiasi cha kabla ya kodi au kile kilichoingia benki, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia.

Kosa likithibitika, pendekeza kulipa kidogo kidogo kwa kiasi unachokimudu, na mwafaka uandikwe. Mkikosa kuelewana, mwone afisa wa leba. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba huketi Nakuru na Kisumu pia.