Sama (majira ya joto) imeingia na bado tunavaa makoti: mambo ya kuzingatia, kwa tulioko Dakota, Marekani

Jamani wa Fargo, Grand Forks, Sioux Falls na miji ya pembeni, kalenda inasema sama ila nje ni digrii 50 za Fahrenheit, yaani kama 10 za Selsiasi, asubuhi ya Njombe kabisa. Kawaida Juni mchana Fargo inatakiwa icheze kwenye 75 mpaka 80, ndo maana wageni wanashangaa, lakini waliokaa huku hawashangai sana kwa sababu Juni ndo mwezi wa mvua nyingi kwenye sehemu kubwa ya Dakota zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, sasa hewa ya baridi ikishuka kutoka Kanada ikakwama juu yetu siku nne tano basi inakuwa hivi.

Elewa kwanza inavyofanya kazi maana inasaidia kupanga siku. Hewa ya juu ni ya baridi sana, asubuhi kunakuwa na jua kidogo, jua likichoma ardhi tu ile hewa ya chini inapanda na mawingu yanafumuka, ikifika saa saba saa nane mchana mvua za vipindi zinaanza, inanyesha dakika kumi inaacha, inarudi tena, saa nyingine na vipunje vya barafu, halafu jua likienda kuzama inatulia. Kwa hiyo kufua na kuanika, kukata nyasi, kupeleka watoto pakini, yote malizeni asubuhi, usimwambie mtu "tutaona mchana".

Nguo: usifungie majaketi kwenye maboksi bado. Hapa adui ni kulowana, baridi yenyewe ya 50 sio kitu. Mtu aliyelowa na upepo wa huku unampiga anaweza kushuka joto la mwili hata kama hakuna theluji, hasa watoto wadogo na wazee wetu. Koti la mvua lenye kofia, mwavuli achana nao upepo utaugeuza siku ya kwanza. Na wale wa shifti ya usiku mnaotoka alfajiri mkisubiri basi, wekeni soksi kavu kwenye begi, ni kitu kidogo ila utanishukuru.

Ndani ya nyumba sasa. Apatimenti nyingi hita ya jengo inazimwa sama ikifika, basi mpigie mwenye nyumba uulize, uliza mapema. Ila naomba sana, USIWASHE jiko la mkaa ndani, wala usiache oveni ya gesi wazi ili ipashe nyumba. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haionekani, familia inalala haiamki. Hata gereji iliyofunguliwa mlango sio mahali pa mkaa. Angalia kengele yake ya ukutani kama ina betri.

Wenye bezimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, shukeni mkaangalie. Bonde la Red River zamani lilikuwa chini ya ziwa kubwa la maji ya barafu iliyoyeyuka, Agassiz, ndo maana ni tambarare hivi na udongo wake ni mfinyanzi mzito, maji hayaendi popote haraka. Mimina ndoo ya maji kwenye lile shimo la pampu ya kutoa maji uone kama pampu inajiwasha. Mabomba ya paa yamwage maji mbali na ukuta. Mabegi, nyaraka za uhamiaji, magodoro, visikae chini sakafuni, kitu kikilowa siku moja mbili tu ukungu unaanza. Na bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji hailipi mafuriko, ya mafuriko ni tofauti na ile ya serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 ndo ianze kufanya kazi, usingoje mpaka mto umejaa. Mvua za Juni sio za kudharau, Rapid City tarehe 9 Juni 1972 walikufa watu 238 kwa usiku mmoja, na Minot Juni 2011 mto Souris uliwahamisha watu kama elfu kumi na moja.

Haya, bustani, hapa nitakaa kidogo maana najua kinamama wameshaanza kuulizana kwa nini lenga-lenga (mchicha) haioti. Mbegu sio mbovu, udongo ndo wa baridi. Chukua kile kipimajoto cha nyama cha jikoni, kichome ardhini kama sentimita 5 asubuhi, soma. Mahindi yanataka angalau 50 za Fahrenheit, maharage 60, lenga-lenga na bamia 65 na kuendelea, ukipanda chini ya hapo mbegu inakaa kwenye tope mpaka inaoza halafu unanunua nyingine. Sukuma wiki, kabichi, njegere, karoti, vitunguu, hivyo vinafurahia hali hii kwelikweli, wekeni sahivi. Nyanya na pilipili za kwenye makopo zirudi ndani usiku. Udongo finya kiganjani, ukishikana kama ugali usiuingie, ukiukanyaga umelowa unagandamana na mwaka mzima mizizi inahangaika. Usiku wa kuogopa sio wenye mawingu, ni ule mvua imeondoka, mbingu safi bila wingu na upepo umelala, hapo ndo joto linakimbia lote, funika kwa shuka. Na mahindi ya mbegu ya nyumbani ya miezi minne mitano mimi nasema acheni tu, barafu ya Septemba itayakuta mabichi, tafuteni ya siku 75 au 80.

Barabarani: maji ya sentimita 30 yanayotembea yanabeba gari dogo, ukikuta yamekatiza njia geuza, sijali umechelewa kazini. Barabara za vumbi zikilowa zinateleza kuliko unavyofikiri.

Simu iache alati zote wazi. Shida ni kwamba zinakuja kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hamna, kwa hiyo wafundishe wazee maneno mawili tu: "watch" ni kaa tayari, "warning" ni hatari imefika, chukua hatua sasa hivi. Ikiwa ni ya kimbunga cha tornado shuka bezimenti, na kama unakaa kwenye nyumba ya trela toka uende jengo imara; ikiwa ni ya mafuriko usishuke bezimenti, nenda juu. Usidanganyike kwamba wiki ya baridi haina dhoruba, hewa hii ikianza kuondoka na ya joto ikarudi mpakani pao ndo radi na upepo mkali vinapozaliwa.

Pikiniki ya Siku ya Wakimbizi tarehe 20, kama mnaandaa, lipieni banda lenye paa kabla halijachukuliwa, hema mlipigie vigingi vya kutosha, na nyama iwe motoni saa nne asubuhi.