Namna ninavyoendesha zoezi la mafuta ya Sudan mbili darasani

Walimu wenzangu wa uraia na historia mmeniomba nieleze zoezi hili ninaliendeshaje kwenye klabu yetu ya mdahalo hapa Dodoma mjini. Karibuni.

Kwanza waandikie ubaoni hali ilivyokuwa. Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta, lakini mabomba mawili na bandari ya kupakilia, kule Port Sudan, vikabaki Kaskazini. Ada ya kupitisha mafuta haikuwa imekubaliwa. Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilidai dola 36 kwa pipa, Juba, yaani serikali ya Sudan Kusini, ikawa tayari kutoa chini ya dola moja. Khartoum ikaanza kujichukulia mafuta kufidia ilichokidai, na Januari 2012 Juba ikafunga visima, ingawa mafuta yalikuwa yakiiletea serikali yake asilimia 98 ya mapato. Aprili wakapigana Heglig, penye visima vya mafuta mpakani, na mitambo ya pale ikaharibiwa. Ishia hapo. Wenye bando watautafuta mwisho wake nyumbani, na waacheni wautafute.

Gawa makundi manne: Juba, Khartoum, wapatanishi wa Umoja wa Afrika walioongozwa na Thabo Mbeki, na mafundi. Hili la nne wengi huliruka. Mimi siliachi hata darasa likiwa dogo. Mafundi hawana bendera, na hawaruhusiwi kuzungumzia siasa. Kazi yao ni kueleza bomba linataka nini. Mafuta ya Paloch, kwenye visima vya Sudan Kusini, yana nta nyingi, yakisimama yakapoa huganda humo humo ndani. Kwa bahati ninao wanafunzi wa upande wa Kondoa, ambako linapita bomba la kutoka Hoima kwenda Tanga, nalo ni la mafuta ya nta yanayopashwa moto njia nzima. Binti mmoja wa kwao, akiwa fundi, aliwakatiza Khartoum katikati ya vitisho: "Waheshimiwa, mkifunga usiku huu, siku ya kufungua nani atalizibua?" Kiongozi wa ujumbe akaomba dakika tano wakashauriane nje.

Halafu namna ya kukaa. Watoto wa Dodoma wamekua wakilitazama Bunge. Ukiwaachia watasimama, watashukuru kwa kupewa nafasi, wataunga mkono hoja, na dakika kumi zitaisha bei haijatajwa. Kwa hiyo kusimama ni marufuku. Unganisha meza mbili, tandaza ramani ya karatasi ya manila, na kalamu iwe moja tu, mkononi mwa mpatanishi.

Kwenye ajenda uwe mkali. Vijana wote hukimbilia mpaka: Heglig ya nani, Abyei, eneo la mpakani linalogombewa na pande zote mbili, ya nani. Wazuie. Waanze na mita ya kupima mafuta yanayopita: nani anaisoma, nani wa upande wa pili anasimama hapo akiangalia, wakitofautiana nani anaamua. Addis Ababa, 27 Septemba 2012, mafuta yalipata mkataba wake yenyewe, na swali la Abyei likabaki bila jibu. Naamini kwa dhati kwamba wangengoja Abyei iishe, visima vingebaki vimefungwa miaka.

Wakifika kwenye bei, wadai waivunje vipande. Dola 36 ikitajwa nzima nzima inakuwa ugomvi wa heshima. Ikigawanywa, fundi anaweza kuulizwa kila kipande kinagharimu nini. Hapo ndipo uwaonyeshe hesabu ya Addis: kupita dola 1, kuchakata 1.60, kusafirisha 8.40 kwa bomba moja na 6.50 kwa lingine. Jumla 11 na 9.10. Hasara ya Kaskazini kwa kuondokewa na mafuta ikawekwa kando kwenye fungu lake, dola bilioni 3.028, zilipwe kidogo kidogo kwa kila pipa. Wape muda mrefu hapa, hata kipindi kizima.

Wakishakaribia kusaini, wapelekee kikaratasi: "Waasi wameshambulia. Kila upande unamlaumu mwenzake." Wengi watachana rasimu. Waulize rasimu yao inasema nini kuhusu notisi ya kufunga bomba. Kama haisemi, warudi kuandika. Juni 2013 Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, aliamuru mafuta ya Kusini yazuiwe, akidai Juba inasaidia waasi. Lakini mkataba ulitaka notisi ya siku 60. Siku hizo zikatumika kuzungumza, zikaongezwa, na Septemba Salva Kiir, rais wa Sudan Kusini, akaenda Khartoum. Mafuta hayakusimama.

Kengele ikilia hawajasaini, usiwaongezee muda. Mpatanishi aandike walipofikia, pande zote mbili watie sahihi hapo hapo, na mafundi waseme kama bomba bado linatiririsha. Kipindi kijacho wataanzia kwenye mstari huo.