Mahali pa kusimama jioni ya kuangalia mwezi

Anayetaka kuuona mwezi ukiandama jioni ya tarehe 29 Shaabani achague kwanza upande, kwa sababu hilali huonekana magharibi, karibu na pale jua lilipozama. Ufuo wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako bahari iko mashariki, haufai kwa kazi hii hata ukiwa na upepo mzuri. Ni afadhali kupanda kwenye paa au mlima usiozibwa na minazi na majengo upande wa bara. Forodhani, Unguja, huelekea magharibi juu ya maji, na hapo upeo ni wazi.

Fika kabla ya magharibi, weka alama mahali jua linapozamia, kisha tazama kwa utulivu kwa muda wa nusu saa hivi mwanga unapofifia. Katika pwani yetu, iliyo karibu na ikweta, hilali mara nyingi hulala kama mtumbwi, pembe zake zikielekea juu. Darubini husaidia, lakini usiielekeze huko kabla jua halijazama kabisa, maana hupofusha. Ukiuona, mwite mwenzako athibitishe, kisha mpelekeeni kadhi taarifa mapema.