Mtoto mwenye usonji katika darasa la watoto 70: kutoka kelele hadi kadi ya "pumzika"

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Darasa la Kwanza au la Pili katika shule ya msingi ya kawaida, asiye na msaidizi, aliyepokea mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ubongo inayogusa mawasiliano na hisia) akaambiwa tu "jitahidi naye". Mzazi naye ausome, maana nusu ya kazi iko nyumbani. Tumeshika tatizo moja ambalo huwatoa watoto wengi shuleni: mtoto akipewa kazi anapiga kelele, anatupa daftari au anachomoka nje.

Anza na mwili

Kama vurugu zimeanza ghafla, au zimeongezeka ndani ya wiki moja au mbili, usianze na mbinu za tabia. Mtoto asiyeongea hana namna ya kukuambia kwamba jino linauma, sikio linatoa usaha au hajapata choo kwa siku nne. Mzazi ampeleke zahanati aangaliwe masikio, meno, tumbo na homa. Kifafa nacho huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, na mara nyingine huonekana kama kuduwaa tu kwa sekunde chache. Usikivu upimwe pia, kwa sababu asiyeitika jina lake huenda hasikii.

Wiki ya kwanza: andika tu

Kwa siku tano za shule usibadilishe chochote. Chukua daftari, piga mistari upate safu tano: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, dakika. Mstari mmoja usomeke hivi: "Saa 4:40. Wametoka mapumziko, nimesema toeni madaftari ya hesabu. Amepiga kelele, amelala sakafuni. Nimemtoa akakae chini ya mwembe. Dakika 6." Usiandike "amekuwa mkorofi" wala "ameamka vibaya". Hayo ni maoni, na hayakuonyeshi pa kushika. Matukio 10 hadi 15 yanatosha kukuonyesha mwelekeo.

Walimu wengi husoma safu ya pili na kuishia hapo. Isome ya nne. Kama kila akipiga kelele anaishia chini ya mwembe bila daftari, basi kelele ndiyo ruhusa yake ya kutoka, na anayempa ruhusa hiyo ni wewe. Hata fimbo haibadilishi hesabu hiyo: aliyechapwa kisha akatolewa nje bado ameikwepa kazi, na hajafundishwa afanye nini badala yake.

Kwa kawaida utakuta mojawapo ya sababu nne: anakwepa kitu, anatafuta kitu, anataka mtu amwangalie, au mwili wake unapata kero au raha ambayo wewe huioni. Tendo moja linaweza kubeba sababu mbili, moja asubuhi na nyingine mchana. Ndiyo maana safu ya saa ipo.

Ondoa kero kwanza

Mvua ikipiga bati, watoto wengine hucheka na kelele zao huongezeka. Kwa mtoto ambaye masikio yake hayachuji sauti, hayo ni mateso. Mvua ikianza, acha kufundisha kwa mdomo, wape wote kazi ya kuandika au kuchora, naye mpe vizuia kelele vya masikio, vile wanavyovaa mafundi, vinavyouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Avivae wakati wa kelele tu. Akivivaa kutwa, masikio huzidi kuwa mepesi.

Mkalishe mstari wa mbele, pembeni, ukuta ukiwa upande wake mmoja. Kama ni mtoto wa kuchomoka, awe mbali na mlango. Lebo ya sare inayomkwaruza shingoni ikatwe. Na ile "mpigieni makofi!" tunayoipenda sana, angalia kwanza anaipokeaje: kama anaziba masikio, sifa yako imegeuka adhabu.

Kisha lugha. "Shika adabu" inashikwa wapi? "Tega sikio" je? Mtoto mwenye usonji mara nyingi huchukua neno kama lilivyo. Sema "kaa", "fungua daftari", "tembea" (badala ya "usikimbie"). Neno moja au mawili, kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi. Ukirudia kwa maneno mengine kabla hajamaliza kulichakata la kwanza, umemwanzisha upya. Kama nyumbani wanaongea Kisukuma au Kihaya, waendelee. Lugha mbili haziletei mtoto usonji wala hazimzidishii.

Ratiba ya picha

Vurugu nyingi hutokea kati ya kazi na kazi, si ndani ya kazi. Mtoto hajui kinachokuja. Kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 7 kwa 7, chora au bandika picha moja kwa kila kipande: mstarini, kusoma, uji, kuandika, mapumziko, choo, nyumbani. Funika kwa selotepu pana pande zote mbili, jasho na uji visiiharibu. Funga kamba ukutani karibu na kiti chake, zibane kwa vibanio vya nguo, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kazi ikiisha, mtoto mwenyewe anaitoa picha na kuitia kwenye kopo. Kuitoa ndiko kunakomfundisha kwamba kitu kimekwisha. Ratiba ambayo mtoto haigusi ni pambo la ukuta.

Anza na picha tatu tu. Siku ikibadilika, mgeni akija au mwalimu akikosekana, weka kadi yenye alama nyekundu mahali pa kipindi kilichobadilika, umwonyeshe kabla. Zaidi ya hayo, jizoeze kubadilisha kitu kidogo kimoja kila wiki kwa makusudi, kitu cha kumfurahisha, ili kadi nyekundu isije ikamaanisha balaa siku zote.

Kadi ya "pumzika"

Huu ndio moyo wa kazi. Kama kelele ni ruhusa ya kutoka, mpe ruhusa iliyo nyepesi kuliko kelele. Kadi moja, yenye picha ya mtoto aliyeketi kwenye mkeka, ibandikwe kwenye kona ya dawati lake. Kona ya kupumzikia iwe ndani ya darasa: mkeka, kanga iliyotundikwa kama pazia, basi. Usimpeleke huko kwa adhabu hata mara moja, la sivyo umeiua kona.

Kufundisha kutoa kadi kunataka watu wazima wawili kwa siku mbili tatu. Tanzania, walimu wengi wa elimu maalumu wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Kama yuko mmoja kwenye kata yako, siku hizi ndizo za kumwomba. Kenya, uliza kituo cha upimaji wa elimu, EARC, cha kaunti ndogo yako. Asipopatikana, mama au dada mkubwa wa mtoto anaweza.

1. Mpe mtoto kazi fupi anayoiweza, sekunde 30 hivi. Wewe uko mbele yake, msaidizi yuko nyuma.
2. Kabla hajakasirika, msaidizi anaushika mkono wake kwa upole, anauongoza kuichukua kadi na kuitia mkononi mwako. Akikataa kuguswa, msaidizi aishie kusogeza kadi karibu na vidole. Msaidizi haongei kabisa.
3. Kadi ikigusa kiganja chako, sema "Pumzika" na mwongoze kwenye mkeka papo hapo. Si baada ya kumalizia sentensi uliyokuwa ukiiandika ubaoni.
4. Dakika 2, kwa kengele ya simu au shisha ya mchanga. Ikiisha, mwonyeshe picha ya kazi na umrudishe kwenye kazi ile ile, ifupi.
5. Rudia mara 8 hadi 10 kwa siku. Kila mara msaidizi apunguze: kutoka mkono mzima, kwenda kiwiko, kwenda kugusa bega, hadi asifanye kitu.

Makosa matatu huharibu hapa. La kwanza, mwalimu anauliza "unataka nini?" kila mara, na mtoto anajifunza kungoja swali. La pili, msaidizi anachelewa, mtoto anakuwa ameshapiga kelele, ndipo anapewa kadi. Kwake inakuwa kelele kwanza, kadi baadaye, vyote kwa pamoja. Akishaanza kelele, ngoja atulie japo sekunde tano, kisha ndipo uongoze mkono. La tatu, kadi inafungiwa kabatini "asiichezee". Ni kama kumfungia mtu mdomo.

Siku za mwanzo ataomba hata mara 20. Mpe zote. Akishaomba mwenyewe mara 4 kati ya 5 kwa siku tatu mfululizo, anza kuvuta: mwonyeshe kadi mbili, "kwanza" na "kisha". Kwanza herufi moja, kisha pumzika. Wiki inayofuata mstari mmoja. Ukiruka kutoka herufi moja hadi ukurasa mzima, kelele zitarudi siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu itakutisha

Ukiacha kuipa kelele kile ilichokuwa ikipata, kwanza itapanda. Atapiga kwa sauti zaidi, kwa muda zaidi, au atajaribu kipya kama kutema mate. Ni kama mtu anayegonga mlango uliozoea kufunguka: hagongi taratibu, anagonga kwa nguvu. Walimu wengi huachia hapa hapa, na kwa kuachia wanamfundisha kwamba dakika 6 hazitoshi, piga 15. Mwambie mwalimu mkuu mapema, na darasa la jirani, wasije wakaja kumtoa kwa huruma.

Lakini usipuuze kila kitu. Akijigonga kichwa au kujing'ata, mlinde kwanza: weka mto au sweta katikati, ondoa wenzake, punguza maneno. Na kama daftari lako linaonyesha kelele huja na mvua au kengele, si na kazi, basi huo si ukwepaji. Hapo ondoa sauti, si mtoto.

Zawadi, na kazi iliyokatwa vipande

Usikisie anachopenda. Weka vitu vitano mezani, kizibo, kamba, kipande cha kioo cha plastiki, gari la waya, karanga, kisha uone anaanza na kipi, umwekee vinne vilivyobaki aendelee. Fanya hivyo kila wiki, maana mapenzi hubadilika. Mwanzoni toa kila mara, ndani ya sekunde chache, ukitaja alichofanya: "Umekaa." Baadaye kama mara moja kati ya tatu, bila mpangilio.

Kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi ni mfano mzuri wa kukata kazi: kanyaga kijiti, lowesha, shika sabuni, sugua, suuza, kung'uta. Mfundishe kutoka mwisho. Wewe umsaidie hatua tano za kwanza, yeye afanye ya mwisho peke yake na apate zawadi. Akiiweza, mwachie mbili za mwisho. Hivyo kila jaribio linaisha kwa yeye kufaulu.

Kupunga mikono, kuyumbayumba na kurudia maneno kama kasuku, yaache. Havimdhuru mtu na mara nyingi vinamtuliza. Mbinu hizi za zawadi na kukata kazi zina historia yenye doa: mwanasaikolojia Ivar Lovaas, ambaye utafiti wake wa mwaka 1987 kule California ulizipa umaarufu kwa masaa 40 ya mazoezi kwa wiki, alitumia pia makofi, na katika majaribio ya miaka ya 1960 hata umeme. Watu wazima wenye usonji wameandika sana jinsi kulazimishwa kutazamana macho kulivyowaumiza. Lengo ni mtoto aweze kuomba, kujifunza na kwenda choo, si afanane na mwenzake.

Wenzake

Zungumza na darasa kwa dakika 15, kwa ridhaa ya wazazi, mtoto akiwa hayupo. Usitoe somo la ugonjwa. Waambie mambo matatu: masikio yake yanaumia kwa kelele, kadi ni sauti yake, na neno "zezeta" halisemwi hapa. Chagua marafiki wawili wa zamu na uwabadilishe kila wiki. Mtoto mmoja akiwa mlinzi mwaka mzima, anachoka na kuchukia. Wakati wa mapumziko, mpira wa watoto 30 ni fujo kwake. Mdako wa watu wawili una zamu iliyo wazi, mawe ya kushika na hauhitaji maneno.

Wiki ya sita

Rudi kwenye daftari na uhesabu: kelele ngapi kwa siku wiki ya kwanza, ngapi sasa. Zikiwa zimeshuka kwa nusu, endelea. Kama hazijashuka, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: ulikosea sababu ya tendo, mapumziko yanachelewa kutolewa, au nyumbani kelele bado inalipa. Kagua la mwisho kwa kumwomba mzazi aandike safu zile zile tano kwa siku tatu, na umtengenezee kadi ya pili inayofanana kabisa na ya shuleni.

Akikaribia kupanda darasa, mpeleke mara tatu akaone chumba kipya kikiwa kitupu, akae kwenye kiti chake. Mwalimu mpya apewe daftari, kamba, vibanio na kadi zile zile zilizochakaa. Asizichore upya hata kama ni mbaya, mtoto anazijua kwa mikunjo yake.