Kutengeneza aloi ya geji ya streini isiyoyumbishwa na joto: mwongozo wa hatua kwa hatua

Waya wa metali ukivutwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Lord Kelvin alilionyesha jambo hilo mwaka 1856, na mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, waligundisha waya mwembamba juu ya kitu kinachopimwa, wakapata geji ya streini, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyovutika, kama tunavyoijua. Taabu ni kwamba ukinzani huohuo hubadilika pia kwa joto, na waya hauna namna ya kutueleza kama umevutwa au umepashwa tu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuitafuta aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayohisi mvuto vizuri huku ikilipuuza joto.

Hatua ya 1: Weka shabaha kwa namba moja

Streini ni mabadiliko ya urefu yakigawanywa kwa urefu wa awali. Kigezo cha geji, K, ni badiliko la ukinzani kwa uwiano, likigawanywa kwa streini iliyolisababisha. Kizigeu cha joto, α, ni badiliko la ukinzani kwa uwiano kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Wanaoanza kazi hii hukimbilia K kubwa, na mimi nilianza vivyo hivyo, lakini namba inayostahili kufuatwa ni α ikigawanywa kwa K, kwa kuwa ndiyo inayosema digrii moja ya joto italeta streini ya uongo kiasi gani.

Chukua platini tupu. K yake ni kama 6, mara tatu ya aloi za kawaida, lakini α yake ni karibu sehemu 3,900 kwa milioni, hivyo digrii moja huleta streini ya uongo ya takriban sehemu 650 kwa milioni. Konstantani, aloi ya shaba na nikeli, ina K ya 2 tu, lakini ikiwa α yake ni sehemu 20 kwa milioni, uongo huo hushuka hadi 10.

Hatua ya 2: Chagua familia ya aloi

K ina mafungu mawili. La kwanza ni la umbo: waya unaporefuka huwa mwembamba, na kwa metali ambayo uwiano wa Poisson (kukonda kukigawanywa kwa kurefuka) ni 0.3 fungu hilo hutoa 1.6. Kilichobaki hutokana na badiliko la ukinzani wa mada yenyewe, na hapo ndipo familia zinapotofautiana. Nikeli tupu ina K ya takriban hasi 12 katika streini ndogo, lakini hutokana na usumaku wake, hainyooki katika grafu, na uga wa sumaku huivuruga, usishawishike.

Konstantani, yenye shaba takriban asilimia 55 na nikeli 45, inapendwa kwa sababu K yake hubaki karibu na 2 hata metali inapopita kikomo cha unyumbufu, ambapo hairudi tena urefu wake wa awali. Aloi za nikeli na kromi zenye alumini na chuma kidogo, zijulikanazo kama Karma, zina ukinzani mahususi mkubwa zaidi ya mara mbili ya konstantani, na hustahimili joto la juu zaidi. Aloi ya chuma, nikeli, kromi na molibdeni iitwayo Isoelastic ina K ya 3.5, na platini yenye tangsteni asilimia 8 hufikia 4 au zaidi. Zote mbili zina α kubwa, zaidi ya sehemu 100 kwa milioni, kwa hiyo zifikirie kwa vipimo vya mitetemo ya haraka, ambapo joto halipati muda wa kubadilika.

Hatua ya 3: Kokotoa α unayoihitaji

Hapa wengi hukosea kwa kuitafuta α ya sifuri. Geji ikigundishwa juu ya metali nyingine, tofauti ya utanukaji baina yao huivuta geji kila joto linapopanda. Ili athari hizo mbili zifutane, α inapaswa kuwa sawa na hasi K mara tofauti kati ya utanukaji wa metali inayopimwa na utanukaji wa aloi. Kwa konstantani inayotanuka sehemu 15 kwa milioni kwa digrii, juu ya chuma cha kaboni kinachotanuka 11, unahitaji α ya chanya 8. Juu ya alumini inayotanuka 23, unahitaji hasi 16. Kwa maneno mengine, hakuna aloi tulivu peke yake. Utulivu ni wa aloi pamoja na kitu ilichogundishwa.

Hatua ya 4: Yeyusha na uvute

Yeyusha ndani ya ombwe au gesi ya agoni, ugeuze kidonge na kukiyeyusha tena mara nne au tano ili kichanganyike sawasawa. Tengeneza mfululizo ambamo elementi moja tu inabadilika. Pima kemia ya kidonge baada ya kuyeyusha, maana manganizi huvukiza na alumini huungua, na uzito ulioweka kwenye mizani si uzito utakaoukuta ndani. Kisha pitisha kwenye rola kwa awamu, ukipasha kati ya awamu, hadi upate karatasi ya mikromita 5 hivi.

Hatua ya 5: Rekebisha kwa joto la tanuri

Mchanganyiko wa elementi hukufikisha karibu na shabaha. Tanuri ndilo hukufikisha penyewe. Katika aloi za jamii ya Karma, kupasha kati ya digrii 400 na 600 hufanya atomu zijipange upya kwa masafa mafupi, bila kuunda awamu mpya, yaani mpangilio mwingine wa fuwele, inayoonekana kwa hadubini. Ukinzani hupanda na α huhama. Kata vipande ishirini kutoka koili moja, vipashe kwa muda uleule, ukiongeza digrii 10 kwa kila kipande, kisha chora α dhidi ya joto la tanuri. Rudia grafu kwa kila koili mpya, kwa sababu kiasi ambacho metali ilibanwa na rola ikiwa baridi hubadilisha matokeo.

Hatua ya 6: Pima α bila kudanganywa

Kipande kiwe huru, kisigundishwe popote, kiwe ndani ya mafuta yanayokorogwa, na kipimwe kwa nyaya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volti. Konstantani ikigusana na shaba huzalisha karibu mikrovolti 40 kwa kila digrii ya tofauti baina ya viungio viwili. Kwa geji ya omu 120 inayopitishwa miliampea 1, tofauti ya digrii moja tu huonekana kama badiliko la sehemu 333 kwa milioni. Nimewahi kupoteza wiki nzima nikiilaumu aloi, kumbe kiungio kimoja kilikuwa juu kidogo ya usawa wa mafuta. Tangu hapo hugeuza mwelekeo wa mkondo katika kila usomaji na kuchukua wastani. Linganisha matokeo na mlinganyo wa daraja la pili, si mstari ulionyooka, kwani mpindo wake ndio utakaobaki baada ya α kufutwa.

Hatua ya 7: Pima K

Gundisha karatasi juu ya upau wa chuma na uupinde kwa nusu kipenyo kinachojulikana. Streini ya uso ni unene ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo hicho: upau wa milimita 5 uliopindwa kwa mita 2.5 hutoa sehemu 1,000 kwa milioni. Pinda pande zote mbili, kisha urudie upau ukiwa moto.

Hatua ya 8: Subiri

Weka sampuli kwenye joto la juu kabisa la matumizi kwa siku kadhaa, bila kuigusa, ukirekodi ukinzani. Konstantani huanza kuhama polepole ikikaa muda mrefu juu ya digrii 65 hivi, ilhali Karma huvumilia zaidi. Kwa joto la mamia ya digrii, kama ndani ya injini za ndege, NASA iligeukia paladi yenye kromi asilimia 13, kwa kuwa haibadilishi awamu na ukinzani wake hupanda karibu na mstari ulionyooka. Mwisho, gundisha geji juu ya metali ileile itakayopimwa, ipashe na kuipoza mara tatu, na uanze kuamini grafu ya tatu. Ya kwanza mara nyingi huwa ni gundi inayojituliza.