Kikoba Bila Kukimbiana: Kuweka, Kukopa na Kusema Ukweli Kabla ya Siku ya Rejesho

Mwanachama mpya wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, hashikiki mwezi wa kwanza. Ananunua hisa tano kila kikao, anafika kabla ya mwenyekiti, anauliza mkopo utaanza kutoka lini. Mwezi wa tatu haji mwenyewe, anamtuma jirani ampelekee hisa. Mwezi wa tano simu yake haipatikani. Hakubadilika tabia, ni ule moto wa mwanzo tu umepoa, na hakuwa amepanga chochote cha kumbeba ukishapoa.

Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo daftari liko mikononi mwangu na naona nani anadumu na nani anapotea. Wanaodumu wengi hawana kipato kikubwa kuliko wenzao. Wanachowazidi ni kujua hesabu zao na kuzisema mapema. Mwongozo huu ni wa mwanachama wa kawaida, hasa mwenye biashara ndogo ya kila siku. Viongozi nao wanaweza kusoma, hatua ya sita inawahusu.

Hatua ya 1: Andika wiki mbili kabla ya kununua hisa ya kwanza

Chukua daftari dogo. Ukurasa wa kushoto andika kilichoingia, wa kulia kilichotoka, usiku huohuo kabla hujalala. Andika kila kitu: vocha, bodaboda, mchango wa msiba, ule mkeka wa kubeti mechi za Jumamosi, elfu mbili uliyompa shemeji. Mstari unaoona aibu kuuandika ndio tunaoutafuta. Hakuna atakayekukagua, kwa hiyo ukidanganya hapa unajidanganya bure.

Mwenye biashara atenganishe mtaji na pesa ya nyumbani. Ukichota nusu kilo ya unga wa biashara ukapikia watoto, hayo ni matumizi, yaandike kwa bei yake. Wengi wanaosema biashara haina faida, faida ipo ila inaliwa jikoni bila kuhesabiwa.

Hatua ya 2: Pima hisa kwa wiki mbaya

Vikoba vingi vinaruhusu hisa moja hadi tano kwa kikao. Tuseme hisa moja kwenu ni shilingi 2,000. Usiangalie wiki uliyouza vizuri. Angalia ile iliyonyesha mvua siku tatu mfululizo, au mtoto aliyougua, kisha jiulize ungeweza kutoa ngapi wiki hiyo. Kama ni mbili, hisa zako ni mbili, hata kama aliyekaa kando yako anaweka tano. Wiki nzuri ikija unaruhusiwa kuongeza. Kuongeza hakuna anayekusema, lakini aliyeanza na tano akashuka hadi moja huanza kukwepa vikao kwa aibu tu.

Hatua ya 3: Itoe kila siku, na isilale karibu nawe

Hisa mbili ni 4,000, na mfuko wa jamii, ule mchango wa kusaidiana kwenye shida, tuseme 500. Jumla ni 4,500 kwa wiki. Kwa anayefanya kazi siku sita, ni 750 kwa siku. Itoe wakati wa kufunga biashara, kabla hujapita sokoni kununua mboga. Ukisubiri ibaki, haibaki.

Mahali pa kuiweka pawe pasumbufu kidogo: kibubu kisichofunguka bila kuvunjwa, laini ya pili ya simu ambayo huinunulii vocha, au kwa mtu mzima unayemheshimu kiasi cha kuona haya kumwomba akurudishie. Sanduku la kikoba lenyewe linafanya kazi kwa akili hiyohiyo. Lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa hadi kwetu. Kufuli tatu hazimwiti mtu yeyote mwizi. Zinakubali tu kwamba mtu mwaminifu naye ana siku ya njaa. Jiwekee na wewe kufuli zako.

Hatua ya 4: Wa nyumbani ajue

Mume au mke ajue upo kikoba, unaweka kiasi gani, na mkutano ni siku gani. Najua kuna ndoa ambazo pesa ikijulikana inaliwa, na dada aliye kwenye hali hiyo simlazimishi kutaja akiba yake. Kwa mkopo sina huruma hiyo. Deni la siri linakuja kugongewa mlango siku wajumbe wanapofuatilia, na mtu wa nyumbani anajua mbele ya majirani. Kabla ya kukopa, kaeni chini, taja kiasi, taja rejesho la mwezi, taja itakavyokuwa usipoweza kulipa. Mazungumzo ya dakika kumi. Akikataa, umejua mapema kwamba hutasaidiwa kulipa, na hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Kopa kwa faida ya leo

Katiba nyingi zinaruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba. Mwenye akiba ya 100,000 anaruhusiwa 300,000, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanadhani wanachoruhusiwa ndicho wanachoweza.

Twende na mfano wa mpika chapati. Akishatoa unga, mafuta na mkaa, anabaki na 9,000 kwa siku. Anafanya kazi siku 26, hiyo ni 234,000 kwa mwezi. Nyumbani panatumika 5,000 kila siku, siku 30 ni 150,000. Inabaki 84,000. Kodi ya chumba 40,000, inabaki 44,000. Hisa na mfuko wa jamii kwa vikao vinne ni 18,000. Mkononi ana 26,000.

Sasa akichukua 300,000 kwa riba ya asilimia 10 inayotozwa mara moja, alipe kwa miezi mitatu, rejesho ni 110,000 kwa mwezi. Ana 26,000. Mtu huyu hajawa mkaidi wala mvivu, lakini siku anayosaini amekwisha kushindwa.

Mkopo anaouweza ni 50,000. Kwa riba ileile atarudisha 55,000, kama 18,400 kwa mwezi, na hata mwezi wenye vikao vitano atabaki na vichenji vya dawa. Ndiyo, ni kidogo. Akilipa salama atakopa tena.

Utasema mkopo ndio utakaoongeza faida. Inawezekana. Lakini thibitisha kwanza. Je, chapati zako huisha saa tatu asubuhi na wateja bado wanakuja? Kwa wiki moja, kila mteja unayemrudisha mchoree kijiti kwenye daftari. Vijiti vikiwa vingi, jiko la pili lina kazi, na unaweza kuhesabu litaingiza nini. Kama huisha saa tano na hakuna anayeulizia, jiko la pili litapika chapati za kuliwa nyumbani.

Hatua ya 6: Ukikwama, sema kabla ya siku

Hapa ndipo vikundi vinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Aliyekwama hupitia njia moja. Kwanza anasema kesho. Kisha mtandao unasumbua. Kisha anamtuma mtoto aseme mama amesafiri. Kisha anazima simu, anapita njia ya nyuma, anaacha hata kusalimia. Deni lilikuwa 40,000 tu, lakini sasa amepoteza watu thelathini waliokuwa wakimchangia akifiwa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili waonekane wamelipa kikoba. Hilo usilifanye kabisa. Deni la kikoba lina majadiliano, na faini yake iko kwenye katiba mliyoiandika wenyewe. Kausha damu atachukua friji, kitanda na kadi ya benki, na wiki ijayo bado unadaiwa.

Fanya hivi. Ukiangalia daftari na kuona rejesho halitatimia, usisubiri siku ya kikao. Wiki moja kabla, nenda mwenyewe kwa mwenyekiti au katibu. Nenda kwa miguu kama unaweza. Ujumbe wa simu ni rahisi kuutuma na ni rahisi kuuelewa vibaya. Sema mambo manne: unadaiwa kiasi gani, nini kimetokea kwa sentensi moja, unacho kiasi gani sasa hivi, na kilichobaki utaleta tarehe ngapi kutoka wapi. Kwa mfano:

"Shikamoo mama mwenyekiti. Rejesho langu la Jumapili ni elfu kumi na nane na mia nne. Mtoto alilazwa, sikuuza siku nne. Ninayo elfu kumi, hii hapa. Iliyobaki nitaileta kikao cha tarehe ishirini na nne, nitakuwa nimepokea mchezo wa kijumbe. Faini ya kuchelewa nitailipa."

Angalia kwamba hakulia, hakueleza ugonjwa wote, na hakusema "Mungu akijalia." Mungu atajalia, lakini katibu anaandika tarehe. Na ametanguliza kitu mkononi. Elfu kumi iliyofika kabla ya siku inaaminika kuliko ahadi ya elfu hamsini.

Kisha nenda kwa wadhamini wako uwaambie maneno hayohayo. Wasisikie kwenye kikao. Tena hesabu iwe ileile, usimwambie huyu elfu nane na yule elfu kumi na nane, watakutana tu.

Siku ya kikao, hudhuria. Hili ni gumu kuliko kulipa. Kaa, sikiliza jina lako likisomwa, sema uliyokwisha kusema, lipa faini. Usipohudhuria, kila mtu atajaza sababu yake.

Sasa viongozi. Mwanachama akija mapema kusema ukweli mkamtangaza kwenye kundi la WhatsApp, mmewafundisha wengine wote kuzima simu. Faini itozwe kama ilivyoandikwa, matusi hayamo kwenye katiba. Na mwenyekiti akichelewa alipe faini ileile, papo hapo, mbele ya watu. Nimeona mwenyekiti akitoa mia tano yake ya kuchelewa bila kuombwa, na uchelewaji wa kikundi kizima ukapungua kuliko tulipokuwa tunagomba.

Hatua ya 7: Kudhamini

Dhamini kiasi ambacho ukikilipa wewe hutaacha kumsalimia aliyekimbia. Kama kiasi hicho ni sifuri, kataa. Kataa kwa maneno yanayoeleweka: "Shoga, mkopo huu siwezi kuudhamini, rejesho lako likikwama sina pa kulitoa." Usiseme ngoja nimuulize baba watoto kama hujakusudia kumuuliza. Atarudi kesho, nawe utatafuta uongo wa pili.

Atakununia. Wiki mbili, labda mwezi. Deni la kudhaminiana huacha watu hawasemeshani kwa miaka, kwa hiyo mnuno wa mwezi ni nafuu.

Ukikubali, omba uone daftari lake. Asiyetaka kukuonyesha daftari anataka ulipe bila kujua unalipia nini.

Hatua ya 8: Panga mgao kabla haujaja

Kikoba kikivunjwa mwisho wa mzunguko, yaani akiba na faida zikigawanywa, mtu anapokea pesa nyingi kwa pamoja na ndugu wote wanajua. Mwezi mmoja kabla, andika mgao wako utagawanyika vipi, umwonyeshe wa nyumbani. Kama una watoto shuleni, shaurini kikundi chenu kivunje Desemba mwishoni badala ya mwanzoni. Sekondari ya serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, haina ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli vinakuja Januari vikiwa vimeshikana mikono, na pesa iliyotoka mapema huishia kwenye sikukuu.

Pesa ya shule inunue vitu siku ileile ya mgao. Sare ikiwa kabatini hakuna shemeji atakayeikopa.

Na kabla ya mzunguko mpya kikundi kihakikishe mambo mawili: madeni yote yamesomwa kwa sauti, aliyelipa na ambaye hajalipa, na usajili uko sawa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vyetu vinatambuliwa kisheria na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Mkitaka siku moja kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, andaeni muhtasari wa vikao na daftari lisilofutwafutwa.

Kwako wewe mwanachama, rudi hatua ya kwanza. Andika wiki mbili upya, maana bei ya unga imebadilika na kodi huenda imepanda. Kama hesabu inaonyesha hisa mbili zimekuwa moja, njoo na moja na umwambie katibu hivyo kikao cha kwanza, ili asije kukuuliza mbele ya watu kwenye cha tano.